Uzamili wa filamu: utatoka na kazi gani mkononi?

Kila ifikapo Agosti, dirisha la maombi ya Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, linapofunguliwa, vijana wanaoishi kwa kamera huanza kuulizana swali lilelile. Muulizaji ana shahada ya kwanza ya mawasiliano kwa umma au ya sanaa. Ana miaka minne au mitano ya kupiga sendofu, harusi na video za wasanii. Ana kamera yake na kompyuta inayohimili uhariri, na anahisi amefika ukingoni. Je, asome uzamili wa utayarishaji wa filamu na vipindi? Aende Uingereza, abaki Dar es Salaam, au avuke Namanga hadi Nairobi? Au pesa hiyo anunue lenzi?

Wazee wa familia watamjibu kwamba elimu haina mwisho, asome. Mafundi wenzake watamjibu kwamba kamera haiulizi cheti, aache kupoteza muda. Majibu yote mawili yanakwepa jambo lenyewe. Mtu anayetafuta maisha ya ubunifu anapaswa kujiuliza hivi: nikimaliza, nitatoka na kazi gani? Sizungumzii ajira. Nazungumzia filamu, kipindi, katuni au simulizi ya sauti. Kitu chenye jina lako ambacho kisingekuwepo kama usingeingia chuoni. Kama utakachotoka nacho ni tasnifu ya kurasa mia na ushee kuhusu mtazamo wa wakazi wa Kinondoni juu ya tamthilia za Kituruki, umesoma, hongera, lakini ulichosoma ni sosholojia ya watazamaji. Ni elimu nzuri. Ila sicho ulichokifuata.

Kuna kitu ambacho uzamili haukupi, au hukupa kwa bei ya kulanguliwa, nacho ni ufundi wa mikono. DaVinci Resolve, programu inayotumika kusahihisha rangi kwenye filamu kubwa za Marekani, ina toleo la bure, na masomo ya kuitumia yamejaa mtandaoni. Namna ya kupanga taa tatu, kurekodi sauti safi au kukata picha kwa mapigo ya muziki hujifunzwa kwa bando na kwa kurudiarudia. Tena niseme wazi, harusi ni shule ambayo wasomi wengi huidharau bila sababu. Bwana harusi havalishi pete mara mbili ili fundi apate fokasi. Aliyepiga harusi za Dar kwa miaka kadhaa amefanya kazi kwenye ukumbi wenye taa za zambarau, na MC asiyefuata ratiba, na shangazi wa bibi harusi aliyesimama mbele ya kamera na simu yake hewani, na bado Jumatatu akakabidhi kazi inayoeleweka. Chuo kikuu hakina mtihani mgumu kama huo.

Ila harusi haina mtu wa kukuuliza kwa nini. Mteja amelipa ili apendeze, na akipendeza kazi imekwisha. Video ya msanii vivyo hivyo, tangazo vivyo hivyo, na filamu fupi ya shirika lisilo la kiserikali zaidi ya hizo zote, maana huko hitimisho limeshaandikwa kwenye hadidu za rejea kabla hujawasha kamera: mnufaika atabasamu, kisima kitoe maji, nembo ya mfadhili ionekane mwishoni. Fundi anaweza kuishi hivyo miaka kumi, akawa mahiri kabisa, asipate hata mara moja mtu wa kumwambia: hapa unadanganya, kata.

Ndiyo maana napenda kutoa mfano wa Ng'endo Mukii. Mkenya huyu alihitimu uzamili wa katuni katika Royal College of Art, London, mwaka 2012. Kazi yake ya kuhitimu, Yellow Fever, ni filamu ya dakika kama saba kuhusu wanawake wa Kiafrika, ngozi na nywele: krimu za kujichubua, kitana cha moto cha saluni, picha za urembo zinazoingia nyumbani kupitia televisheni, na mtoto wa kike wa ndani ya familia anayeshaanza kuitazama ngozi yake kama kasoro. Amechanganya michoro ya mkono, miili ya watu halisi iliyopigwa picha moja moja na kuunganishwa kama katuni, na sauti za mahojiano. Filamu hiyo ilizunguka matamasha duniani na kutunukiwa tuzo ya Silver Hugo katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Chicago. Mwaka 2023 jina lake lilikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni fupi za Kiafrika uliorushwa na Disney+. Kwa miaka kumi na zaidi, mtu aliyetaka kujua Mukii ni nani alioneshwa zile dakika saba. Sidhani kama kuna aliyewahi kumuomba cheti.

Sasa tazama uzamili ulimfanyia nini hasa. Ufundi alikuwa nao tayari. Shahada ya kwanza aliipata Rhode Island School of Design, chuo chenye jina kubwa katika sanaa Marekani. Hakwenda London kujifunza kuchora. Alipata miaka miwili ambayo hakuna mteja aliyempigia simu, watu wa kuichambua kazi yake ikiwa bado mbichi, na sharti la kuandika.

Hilo la kuandika ndilo watu wa vitendo huliruka haraka, nami nataka nilikalie. Mukii aliandika tasnifu kuhusu filamu za kiethnografia, zile picha ambazo Wazungu walizipiga za watu wa Afrika na kwingineko kwa zaidi ya karne. Hoja aliyoifanyia kazi ni kwamba kamera ile ilimfanyia mtu kile ambacho makumbusho humfanyia mnyama: amekwisha kufa, amekaushwa, amejazwa pamba, halafu amesimamishwa nyuma ya kioo ili aonekane hai. Kisha akauliza kama katuni, kwa sababu haijifanyi kuwa uhalisia, inaweza kumrudishia uhai yule aliyekaushwa. Ukiitazama filamu baada ya kujua hayo, unaelewa kwa nini miili ile hutembea kwa kushtukashtuka na kwa nini hakuridhika na mahojiano ya kawaida ya mtu mbele ya ukuta. Kilichoandikwa kilikuwa kinaisukuma kazi, na kazi ikiyarudishia maandishi hoja nyingine. Kwa hiyo mtu asinisome vibaya. Sina ugomvi na nadharia. Ugomvi wangu ni na uzamili unaoishia kwenye nadharia huku umejiita wa utayarishaji.

Na huo ndio tulio nao nyumbani, kwa sehemu kubwa. Shule ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 1970. Ya Dar es Salaam ilikuwa chuo cha diploma cha serikali kabla ya kuingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Zote mbili zilizaliwa kutoka chumba cha habari na kutoka enzi ambazo redio ilikuwa chombo cha maendeleo: kilimo bora, uzazi wa mpango, elimu ya watu wazima. Uzamili uliopachikwa juu ya msingi huo ukawa wa mawasiliano kwa umma, na mtaala wake unajulikana: nadharia za mawasiliano, mbinu za utafiti, sera na sheria za vyombo vya habari, kisha tasnifu. Dar es Salaam wana Mlimani TV na Mlimani Radio, vituo vinavyorusha matangazo kweli, jambo ambalo vyuo vingi barani vinalitamani. Lakini muundo wa shahada ya pili unamruhusu mtu kuimaliza kwa heshima zote bila kugusa kitufe cha kurekodi.

Rahisi kuwalaumu wahadhiri. Mimi nadhani tatizo limeanzia juu yao. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa viwango vilivyomtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, na vilivyomtaka mwanafunzi wa uzamili awe na makala kwenye jarida la kitaaluma kabla ya kuhitimu. Tanzania nako, ngazi ya uhadhiri hupandwa kwa uzamivu na machapisho, na mlango wa kuingilia unalindwa na GPA, yaani wastani wa alama, ya shahada ya kwanza na ya pili. Kwa fizikia au historia kanuni hizo zina mantiki. Kwa utayarishaji wa filamu zina matokeo ya ajabu kidogo: mtu aliyeongoza filamu tano hana sifa ya kumsimamia mwanafunzi anayetaka kuongoza ya kwanza, wakati aliyeandika kuhusu filamu tano anayo. Msimamizi naye ni binadamu. Atakuelekeza kwenye kile anachojua kukisahihisha, na anachojua kukisahihisha ni sura ya pili ya tasnifu, mapitio ya maandiko.

Marekani walikwepa mtego huu zamani kwa kuifanya shahada ya uzamili ya sanaa, MFA, kuwa ngazi ya juu kabisa ya fani. Mchoraji, muongozaji au mwandishi mwenye MFA na kazi zinazoonekana anaweza kuwa profesa bila uzamivu. Uingereza na Australia walipita njia nyingine: waliruhusu filamu yenyewe ihesabike kuwa utafiti, ikifuatana na maandishi mafupi yanayoeleza swali lililoizaa. Si lazima tuige yoyote kati ya hizo. Lakini zinaonyesha kwamba chuo kikuu kinaweza kuipima kazi ya sanaa bila kushusha kiwango.

Hapa nikupe upande wa pili wa shilingi, maana haupendezi kusemwa kwenye semina za ubunifu. Uzamili wa mawasiliano wa nyumbani hulipa. Hulipa vizuri. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwenye nafasi za ngazi ya kitaalamu, kwa kawaida hutaka shahada ya pili, au ya kwanza ikisindikizwa na miaka ya ziada ya uzoefu. Mashirika makubwa ya kimataifa yanayofanya kazi Dar, Nairobi na Kampala yameiga utaratibu huo. Kwenye zabuni ya kutengeneza filamu fupi ya mradi, wasifu wa kiongozi wa timu hupewa alama, na sehemu ya alama hizo ni elimu. Kwa hiyo kijana mwenye uzamili anaajiriwa kuwa ofisa mawasiliano. Anapata mshahara unaoingia kila mwezi, bima, gari la ofisi linalompeleka Kigoma na Turkana. Na kazi yake, siku hadi siku, ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari, kusimamia ukurasa wa shirika, na kumkodi mpiga picha. Yule mpiga picha anayekodiwa mara nyingi ni mwenzake wa darasani aliyebaki na harusi.

Sidhihaki maisha hayo. Mwenye watoto shuleni na kodi ya nyumba anajua thamani ya mshahara usiokosa, na fani yetu imejaa watu wenye vipaji waliozeeka wakidai malipo ya kazi za miaka iliyopita. Ninachosema ni kwamba shahada ileile inayotangazwa kama daraja la kuingilia ubunifu ndiyo huwatoa wengi nyuma ya kamera. Ukiichukua kwa kusudi la kupata ofisi, umepanga vizuri. Ukiichukua ukidhani itakufanya muongozaji, ni vema ujue wenzako waliotangulia wamekaa wapi.

Kwa muda mrefu kazi ya kulea waongozaji katika ukanda huu imefanywa nje ya vyuo vikuu. Muongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala mwaka 2004, ikawachukua vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda bila kuwatoza ada. Nairobi kukaja One Fine Day, mradi wa muongozaji Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann: warsha za kila fani, kuanzia uongozaji hadi sauti na usanifu wa seti, halafu filamu ndefu ya kweli inayotengenezwa na wahitimu huku wakongwe wakisimama pembeni. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ilitoka humo, na ikawa filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Muongozaji wake, Tosh Gitonga, alikuwa amepitia kazi ya usaidizi wa muongozaji kwenye seti za wengine. Mwaka 2018 MultiChoice, wenye DStv, nao walifungua chuo chao Nairobi kwa vijana wa Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia, miezi 12, gharama zote zikilipwa. Bagamoyo, taasisi ya sanaa ya TaSUBA imekuwa ikifundisha wasanii tangu mwaka 1981, ingawa nguvu yake iko kwenye jukwaa na muziki kuliko kwenye picha.

Warsha hizi zimefanya makubwa, na kwa mtu mwenye umri wa miaka 22 ningemshauri aanzie huko kabla hajaufikiria uzamili. Zina mpaka wake lakini. Wiki chache zinatosha kukufundisha namna seti inavyoendeshwa. Hazitoshi kukubadilisha unavyofikiri. Zina mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana ladha yake: mfadhili wa Ulaya anavutwa na mitaa ya mabanda ya Nairobi, kampuni ya televisheni inataka watu wa kulisha chaneli zake. Mwanafunzi hujifunza haraka ni hadithi ipi itakayopita. Ukitaka kutengeneza kitu kisichopendwa na yeyote kati yao, unahitaji mahali ambapo kukosea hakumgharimu mtu, na mahali hapo palipaswa kuwa chuo kikuu.

Turudi kwa kijana wetu wa Agosti. Tuseme ameamua kwenda nje. Hesabu ya kwanza ni pesa, na si ndogo. Uzamili wa mwaka mmoja Uingereza kwa mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida huzidi shilingi milioni 50 za Tanzania kwa ada pekee, na shule za London hupanda hadi mara mbili ya hapo. Fedha za kujikimu lazima zilale benki siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza, jambo linalozifanya familia nyingi kukopeshana akiba kwa mwezi mzima. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa masomo ya darasani asiyefadhiliwa na serikali haruhusiwi kumleta mwenzi wala watoto. Kwa mtu wa kawaida, hesabu hii bila ufadhili haijibu, na sitaki kumdanganya yeyote kwamba kipaji kitaifidia. Kuuza kiwanja cha baba Goba ili usome mwaka mmoja wa utayarishaji ni uamuzi ambao sijaona hoja ya kuutetea.

Ufadhili upo, na masharti yake yanakufundisha kitu. Chevening inataka saa 2,800 za kazi baada ya shahada ya kwanza, yaani kama miaka miwili, na inakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili ukimaliza. Wengi huliona sharti la kwanza kama kizuizi. Mimi naliona ni busara. Anayetoka shahada ya kwanza moja kwa moja huingia darasani na maswali ya mwalimu. Aliyefanya kazi huingia na maswali yake: kwa nini kila mwanakijiji ninayempiga picha anakaa kama yuko mahakamani? Kwa nini wahusika wangu wakizungumza Kiswahili sanifu wanakuwa mbao, na wakizungumza Kiswahili cha mtaani bodi ya filamu inanuna? Mwenye maswali ya aina hiyo atamtumia mwalimu kweli, hata mwalimu asiyejua Temeke iko wapi.

Kwa anayependa filamu halisia kuna DocNomads, shahada ya uzamili ya pamoja ya miaka miwili inayowapitisha wanafunzi Lisbon, Budapest na Brussels. Iko chini ya mpango wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, ambao ufadhili wake ni euro 1,400 kwa mwezi, karibu shilingi milioni nne za Tanzania. Ujerumani hutoza ada ndogo au hawatozi kabisa kwenye vyuo vingi vya umma, ingawa lugha huwa kikwazo kwenye shule za filamu. Marekani, MFA ya uongozaji huchukua miaka kama mitatu, na njia hiyo ndiyo aliyopita muongozaji Mkenya Wanuri Kahiu: alisoma menejimenti Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kisha akaenda kusomea uongozaji UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles. Mfano wake ni muhimu kwa asiyekuwa na shahada ya kwanza ya sanaa. Kwake uzamili ulikuwa ndiyo shule ya ufundi yenyewe, na miaka mingi ilihitajika. Mwaka 2018 filamu yake Rafiki ikawa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, na huku nyumbani ikapigwa marufuku.

Angalia urefu wa masomo. Hizo zilizozaa kazi tunazozikumbuka zilichukua miaka miwili au mitatu. Ya Royal College of Art ilikuwa miwili wakati ule. National Film and Television School ya Beaconsfield, kaskazini-magharibi mwa London, imejenga jina lake tangu mwaka 1971 kwa kozi za uzamili za miaka miwili. Uzamili wa mwaka mmoja, ambao ndio unaouzwa zaidi kwa wanafunzi wa kigeni, una kasoro ya kimaumbile: unafika Septemba, Desemba bado unajifunza kununua koti, Machi unaambiwa uwasilishe wazo la kazi ya mwisho, na Septemba nyingine unaondoka. Anayefika na wazo lililoiva atautumia mwaka huo vizuri. Anayekwenda kulitafuta huko atarudi na mazoezi ya darasani.

Kabla ya kukubali nafasi, andikia chuo uulize mambo ambayo vijitabu vyao vya rangi huyaficha. Kila mwanafunzi ana bajeti ya kazi ya kuhitimu, au unajilipia mwenyewe? Unaruhusiwa kuja kuipiga nyumbani, na vifaa vya chuo vikipanda ndege bima ni ya nani? Hakimiliki ya filamu ni ya nani ukimaliza? Baadhi ya shule za filamu hushika haki za kazi za wanafunzi, kwa hoja kwamba wao ndio waliogharamia, na mtu anaweza kujikuta anaomba ruhusa kuonyesha filamu yake mwenyewe. Uliza pia kama utatengeneza kazi peke yako au kwa timu. Kama ni timu, huenda ukaondoka na jina la mpiga picha wa filamu ya mtu mwingine. Hilo si baya, bali ujue mapema. Halafu zitafute kazi za wahitimu wa miaka mitatu iliyopita uzitazame. Zikifanana zote, mwalimu mmoja anazitengeneza.

Vyuo vyetu vingeweza kubadilika kwa gharama ndogo kuliko tunavyodhani. Havihitaji studio mpya. Vinahitaji kanuni ya seneti inayosema kwamba kwenye uzamili wa utayarishaji, filamu au mfululizo wa vipindi ndiyo kazi ya kutahiniwa, ikiambatana na maandishi ya maneno elfu nane hadi kumi; kwamba mmoja wa wasimamizi wawili awe mtu wa fani hata kama hana uzamivu; na kwamba mtahini wa nje awe amewahi kutengeneza kitu. Watu wapo. Amil Shivji, aliyesoma filamu Chuo Kikuu cha York, Toronto, na kuipeleka filamu yake Vuta N'kuvute kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, amewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto. Tunazungumzia jambo lililokwisha kutokea kwa mtu mmoja mmoja na ambalo bado halijapewa kanuni.

Bila kanuni hiyo, mfikirie Mukii mwenyewe akiomba kazi ya kufundisha kwetu leo. Tufts, chuo kikuu cha jirani na Boston, kimemweka kwenye shule yake ya sanaa kama profesa wa vitendo, cheo walichokitengeneza kwa ajili ya watu wa namna yake. Nairobi angeulizwa uzamivu wake uko wapi. Dar es Salaam angepewa fomu yenye nafasi ya GPA ya shahada ya pili, na Royal College of Art, kwenye uzamili wake, ilikuwa inatoa majibu mawili tu: umefaulu au hujafaulu. Ofisa utumishi angemrudishia fomu hiyo kwa sababu haijakamilika.